Jasho la Buluu

Wakala wa nyumba aliingia kwanza kwa pua, miguu ikafuata. Alisimama katikati ya chumba cha mbele, akanusa kulia, akanusa kushoto, mithili ya mtu anayekagua nyama aliyokwisha kuitilia shaka, kisha akalichomoa faili lake kwapani na kulifungua juu ya meza ya kupigia pasi pasipo kuomba ruhusa. Chini ya faili lile palikuwa na shati jeupe la mteja, limekwisha kunyooshwa, linasubiri kukunjwa. Mwenye kazi yake alilitazama likikunjamana.

Mtaani walimwita Mama Nyoosha. Alikuwa dobi kwa miaka kumi na minne, na jina hilo alilipata kwa sababu mbili: hapakuwa na kikunjo kilichowahi kumshinda, wala neno lililopinda ambalo alilisikia akaliacha lijipitie. Lakini asubuhi hiyo aliona heri asubiri. Wakala akalisogeza godoro la binti kwa ncha ya kiatu. Akafungua kabati la nguo, ambalo hakuna aliyemwomba alifungue. Akauliza wanalala wangapi, akaambiwa watatu, baba, mama na binti wa miaka tisa. Baada ya dakika tano akauliza tena, kana kwamba watatu wale wangeweza kuongezeka katikati ya maswali mawili.

Ukuta wa nyuma, hakuna aliyeweza kuutetea. Kuvu nyeusi ilikuwa imetambaa kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, na juu yake ulipita ukanda wa chumvi nyeupe, lipu ikimeguka kama unga. Miezi mitatu nyuma baba wa nyumba, kwa haya ya wageni, alinunua kopo la rangi ya mafuta akaupaka mwenyewe siku ya mapumziko, tabaka tatu nzito, huku akiimba. Kabla ya mwezi kwisha rangi ilikuwa imefanya malengelenge makubwa yaliyojaa maji. Ukiyabonyeza kwa kidole, yalirudi.

“Jasho,” wakala akakata shauri, na kuandika.

Mama Nyoosha akauliza jasho la nani.

“Lenu, mama. Mnapiga pasi humu, mnaanika humu, mnapumua humu. Ukuta unanyonya. Nyumba nyingine za mzee mwenye mali hazina matatizo haya.”

“Nyumba nyingine za mzee zina wapangaji wasiopumua?”

Wakala hakucheka. Alitoa karatasi iliyokwisha kuchapwa, na hilo lilimwonyesha dobi kwamba hukumu ilikuwa imetangulia ukaguzi. Karatasi ilisema kuwa unyevu wa ukuta wa nyuma ni jasho la wapangaji; kwamba wapangaji wanalikiri; kwamba wataukarabati kwa gharama yao, na kwamba kuanzia siku ya kutia saini hapatafanyika tena kazi ya udobi ndani ya nyumba ile. Atakayekataa kutia saini atafungasha vyake mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba angefika mwenyewe Jumatatu, saa nne asubuhi, kuichukua.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Wakala alipoondoka, Mama Nyoosha alilitandaza tena shati mezani, akalinyunyizia maji, akaanza upya.

*

Kesho yake karani wa mahakama alirudisha mashati matano. Alikuwa mteja wa miaka tisa, mtu mpole, na upole wake ndio uliouma. Alizunguka sana. Aliuliza hali ya mtoto, akasifu ua lililoota kwenye kopo mlangoni, akalalamikia foleni za mjini, hata mwisho akasema, macho yakiwa chini, kwamba yeye binafsi hana neno, ila mkubwa wake alimwita kando na kumuuliza kama siku hizi analala ghalani.

Mama Nyoosha aligeuza ukosi wa shati la kwanza. Vidoa vyeusi vitatu, vidogo kama nukta. Alilipeleka puani. Lilikuwa safi kabisa, na lilinuka ukuta.

Alikwisha kutukanwa na wateja. Matusi hayakumnyima usingizi. Lakini dobi ambaye kazi yake inanuka ni kama mpishi ambaye chakula chake kinaua. Alimwomba karani radhi, akayachukua mashati yote matano, akakataa kupokea hata senti. Karani aliposhika njia, binti alikuwa akirudi kutoka shuleni, anatembea polepole kwa sababu ya kifua, kipulizio chake cha pumu mkononi. Alieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama aelezaye habari ya hesabu, kwamba mwalimu amemhamishia dawati la dirishani, peke yake, kwa kuwa sweta lake linawafanya wenzake wapige chafya.

“Ni pazuri, mama,” akaongeza. “Naona mpaka barabarani.”

Mama alimvua lile sweta. Akaliloweka.

*

Baba wa nyumba alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kutwa nzima alisoma maneno ya watu wengine na kuyatoa makosa kwa kalamu nyekundu, na jioni alirudi nyumbani akiwa ameishiwa na ubishi. Aliisoma karatasi ya wakala mara mbili, mkono ukaenda wenyewe kwenye kalamu ya mfukoni.

“Ina makosa mawili,” akasema. “Hapa wameandika ‘unyenyevu’. Na hapa wamesahau nukta.”

“Umeona herufi na nukta, mwenzangu, ukaruka uongo mzima.”

Aliiweka kalamu. Kisha akasema aliyokuwa ameyafikiri njiani: kwamba nyumba za kupanga zimekuwa adimu, kwamba shule ya mtoto iko hapa, kwamba mwenye nyumba ni mtu mkubwa na wao ni watu wa kawaida, kwamba saini ni wino tu, nao wino yeye anaujua. Mkewe angeweza kutafuta kibanda cha kupigia pasi mahali pengine. Na usipoziba ufa, alimaliza, utajenga ukuta.

Mama Nyoosha alikuwa akikunja nguo, na hakuacha kukunja.

“Ufa si wangu, na ukuta si wangu,” akasema. “Kilicho changu humu ndani ni jasho. Hilo ndilo lililomvalisha huyu mtoto, hilo ndilo linalolipa kodi ya mzee kila tarehe mosi. Leo waliandike kama uchafu, na chini yake niweke jina langu?”

“Ni neno tu, mama.”

“Kazini kwenu neno likikosewa, mnasema ni neno tu?”

Mumewe akatazama pembeni. Hakuwa mwoga kwa tabia; alikuwa amechoka, na uchovu ukikaa sana huvaa nguo za busara. Akasema afanye anavyoona. Akaongeza kwamba Jumatatu saa nne haiko mbali.

*

Dobi anayajua maji kwa namna ambayo wakala na faili lake hawawezi kuyajua. Nguo iliyopigwa na mvuke hulowa usoni. Nguo iliyochovywa hulowa moyoni. Ukizishika gizani utazitofautisha. Alhamisi asubuhi Mama Nyoosha alichukua mfuko mmoja wa nailoni, miongoni mwa ile mipana anayofunikia suti zilizokwisha kupigwa pasi, akaupasua, akaukausha vizuri na kuubandika ukutani kwa selotepu pande zote nne, mahali pasipo na rangi ya mumewe. Kisha akafunga madirisha yote na kupiga pasi kutwa nzima, tena kwa maji mengi kuliko kawaida, huku akitokwa jasho jingi la haki yake. Ikiwa kosa ni lake, alitaka alione kwa macho.

Ijumaa asubuhi alipitisha kiganja juu ya nailoni. Upande wa chumbani ulikuwa mkavu kama karatasi. Upande wa ukutani, matone yalikuwa yamejipanga kama shanga, na mengine yameanza kuteremka.

Alivaa kanga yake nzuri, akaenda ofisi ya afya. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita. Aliyekuwa dirishani alimweleza kwamba ofisi hushughulika na vyoo, visima na migahawa. Kuta za watu ni habari ya watu. Mama Nyoosha aliuliza kama maji machafu yanayoingia ndani ya nyumba anamolala mgonjwa wa pumu ni habari ya nani. Akaambiwa asubiri. Akasubiri. Hatimaye alitoka Bwana Afya mwenyewe, ambaye alikuwa mwanamke, ila mtaani cheo kile hakijawahi kubadilishiwa jina, naye alikwisha kuzoea. Alisikiliza akiwa amesimama.

“Yanatoka wapi hayo maji?”

“Jumatatu saa nne nitakuonyesha.”

“Na usiponionyesha?”

“Utakuwa umepoteza nusu saa, nami nitakuwa nimepoteza nyumba.”

Bwana Afya aliandika saa ile kwenye daftari lake, na hakuahidi kitu.

*

Nyuma ya ukuta ule, ukizunguka kwa barabara ya pili, palikuwa na kituo cha kuoshea magari. Nacho kilikuwa mali ya mwenye nyumba, ambaye wapangaji walimwita Mzee Baadaye, kwa kuwa hilo ndilo jibu alilowapa tangu siku ya bomba la kwanza kupasuka. Mama Nyoosha alikuwa amegundua jambo dogo ambalo lilimchukua miezi kuliona: ukuta wake haukujali mvua wala kiangazi. Ulijali Jumamosi na Jumapili. Siku hizo yeye hakupiga pasi, na siku hizo ndizo watu walizoosha magari.

Mwosha magari mkuu aliyemkuta huko Ijumaa hiyo alasiri alikuwa mtu mzima mwenye buti za mpira, na ovaroli zake zilifuliwa na Mama Nyoosha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mfereji wenu huu unakwenda wapi?”

Yule mtu akatazama kibanda cha mpokea fedha, akamrudishia macho. “Unakwenda tu, mama.”

“Kwenda unakwenda. Unafika?”

Akakohoa. Kwa sauti ya chini akasimulia kwamba mwaka jana lori la mchanga liliukanyaga mfereji karibu na ukuta, ukapasuka. Kwamba alimwarifu mzee, mzee akasema baadaye. Kwamba baadaye ilipofika, kilicholetwa ni bamba la zege la kufunikia. Maji yanaingia chini ya bamba, na hakuna aliyewahi kuyaona yakitoka. Kisha akasema ana watoto.

“Nami ninaye,” akajibu Mama Nyoosha. “Sikuombi useme neno. Nakuomba uiname ufunge kamba ya buti.”

“Buti za mpira hazina kamba, mama.”

“Basi itafute.”

Yule mtu akainama, akaitafuta kwa makini sana. Mama Nyoosha akatoa chupa ya buluu kikapuni, ile ambayo tone moja hung’arisha beseni zima la mashuka, akaimimina yote kwenye mdomo wa mfereji. Alirudi Jumamosi na chupa ya pili, na Jumapili na ya tatu. Mara zote tatu mwosha magari alipatwa na shida ya kamba.

*

Jumapili jioni ukuta ulikuwa mweusi palipokuwa peusi na mweupe palipokuwa peupe. Jumatatu asubuhi ulikuwa vilevile. Mama Nyoosha aliupapasa kuanzia pembeni hadi pembeni kama mtu anayetafuta mlango. Palipokuwa na nailoni palitoa maji, lakini maji matupu. Alianza kujiuliza kama mfereji uliwahi kuufikia ukuta wake, au kama udongo huchuja rangi kama kitambaa kizito. Na kwa mara ya kwanza alitazama vitu vyake akikadiria maboksi. Mumewe alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alivaa shati la kola, akakaa, hakusema lolote, na mkewe alimshukuru kwa hilo.

Saa nne kasoro, Mzee Baadaye aliingia akiwa na wakala nyuma yake. Walimwamkia, akaitika vizuri. Alikuwa mzee nadhifu mwenye leso iliyokunjwa, na alikataa kiti baada ya kukitazama. Bwana Afya alikuwa hajafika. Wakala akaiweka karatasi mezani, akaweka na kalamu, akaeleza tena habari ya jasho, safari hii kwa faida ya mzee.

“Tunamsubiri mgeni,” alisema Mama Nyoosha.

“Mimi sikuja kusubiri, mwanangu,” alisema mzee kwa upole. “Tia saini tuachane kwa heri. Nina nyumba kumi na moja. Watu wa nyumba kumi hawajanisumbua.”

Hodi ikasikika. Bwana Afya aliingia na daftari lake, akawasalimu wote, akamtazama dobi. “Nionyeshe.”

Mama Nyoosha alionyesha nailoni, mbele kukavu, nyuma matone. Bwana Afya aliigusa pande zote mbili, akaandika. Wakala akasema upesi kwamba huo ni ushahidi wa ukuta uliokwisha kunywa jasho la miaka, sasa unalirudisha. Na kama hilo halitoshi, wajionee wenyewe: wapangaji walipaka rangi ya mafuta bila idhini, wakauziba ukuta pumzi. Alilipiga lengelenge kubwa kuliko yote kwa kalamu yake, nalo likatikisika.

Ndipo baba wa nyumba aliposimama. Alilitazama lile lengelenge kwa muda, kama atazamavyo neno ambalo jicho limelipita mara mia. Tabaka tatu nzito. Yeye ndiye aliyezipaka.

“Samahani,” akasema. “Kosa hili ni langu. Nitalisahihisha.”

Alitoa mfukoni kisu chake cha kukatia karatasi, akachuchumaa, akalichana lengelenge kutoka juu hadi chini. Rangi ikafunguka kama bahasha. Kilichotoka kilikuwa cha buluu. Kiliteremka ukutani kwa mstari mmoja, kikajikusanya sakafuni, kikatafuta mteremko, kikaufuata mpaka kwenye kiatu cha wakala. Akachana la pili, buluu. La tatu, buluu iliyoiva, ya kutosha kufulia. Kwa siku tatu rangi ya mafuta aliyoipaka ilikuwa imeyafungia maji ya buluu humo, yasifike palipo wazi.

Nyuma ya ukuta ilisikika pampu ya kituo cha magari ikinguruma.

“Bwana wakala,” alisema Mama Nyoosha, “nimefua nguo za watu wa kila namna. Sijapata kukutana na mtu anayetokwa jasho la buluu.”

Alieleza kila kitu bila kupunguza: chupa, siku, mfereji. Kamba ya buti peke yake hakuitaja. Bwana Afya aliomba kuuona huo mfereji. Wote watano walizunguka kwa barabara ya pili, mzee akitembea mbele kama mwenye mji, na walipofika kituoni hakuna aliyemwuliza mwosha magari neno. Aliwatazama, akamtazama mzee, akamtazama dobi. Kisha akachukua mtaimbo, akauingiza chini ya bamba la zege na kulinyanyua. Mfereji ulikuwa wazi kama mdomo, na ufa wake, ulioelekea ukutani, ulikuwa na midomo ya buluu.

“Nilisema, mzee,” ndilo neno pekee alilotamka.

*

Bwana Afya alibaki kituoni akipima na kuandika. Mzee alirudi chumbani pamoja na dobi na mumewe, akamtuma wakala akangoje nje, na safari hii alikubali kiti. Alizungumza kama baba. Alisema mambo haya ni ya nyumbani, ya nini kuyaingiza kwenye madaftari ya serikali. Fundi atakuja, mwezi mmoja hatadai kodi, udobi uendelee. Alichoomba ni kidogo tu.

“Afisa atarudi kupiga picha. Wewe ni dobi, mwanangu. Pangusa hilo doa kabla hajaja.”

Mama Nyoosha alitazama ukuta. Alikwisha kutoa wino kwenye hariri, damu kwenye shela, kutu, mafuta ya gari, utomvu wa ndizi. Alijua ni maji gani na ni sabuni gani. Ingemchukua dakika kumi.

“Hapana, mzee,” akasema.

Mzee akasema baadaye atajuta. Akasema nyumba za kupanga ni chache.

“Ni chache,” alikubali Mama Nyoosha. “Na hii tumeilipia.”

Mumewe alikuwa ameivuta karatasi karibu. Alichomoa kalamu nyekundu, na kwa mkono uliozoea akaondoa silabi moja kwenye ‘unyenyevu’, akatia nukta iliyosahauliwa. Kisha, bila haraka, akalipiga mstari neno ‘wapangaji’ kila lilipotokea, mara nne, na juu yake akaandika kwa herufi za kusomeka: mwenye nyumba. Akaisoma tena yote kimoyomoyo, kama kazi inavyotaka, akaigeuza kumwelekea mzee, akamwekea kalamu juu yake.

“Sasa iko sawa,” akasema. “Inaweza kutiwa saini.”

Mzee Baadaye aliinuka pasipo kuigusa. Mlangoni alipishana na Bwana Afya, aliyekuwa akiitoa kamera mkobani.

Mama Nyoosha akawasha pasi. Akatandaza shati la kwanza la karani wa mahakama, akafungua dirisha, akanyunyiza maji. Nyuma yake mistari ya buluu iliendelea kuteremka taratibu, na katika miaka kumi na minne ya kazi hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona doa akaliacha.